Kwenda Kenroku-en na kurudi Tokyo siku hiyo hiyo: mwongozo kamili kwa waliokwama mara ya kwanza

Kila ikikaribia sakura (maua ya cheri), na tena ikikaribia theluji, kuna mtu lazima anipigie simu akiwa Kenroku-en, ile bustani maarufu ya mji wa Kanazawa, Japani, saa tisa mchana, kachoka, ana njaa, kaona taa moja ya mawe na migongo ya watu mia mbili, ananiuliza "sasa hii bustani mbona ya kawaida tu?" Nikimuuliza umefika saa ngapi, ananiambia saa saba na nusu. Basi, hapo sina swali la pili.

Safari hii huwa inaharibikia stesheni. Bustani yenyewe haina neno, iko wazi mwaka mzima, kiingilio yen 320 tu kwa mtu mzima, ukubwa wake kama hekta 11 na ushee hivi, unaitembea yote kwa masaa mawili na nusu bila kukimbia. Ila ukikosea treni ya asubuhi kila kitu kinasogea, unafika na mabasi ya watalii, unapiga foleni ya chakula, jua linazama, unarudi na picha nne.

Kwa hiyo hapa naandika hatua kwa hatua kwa mtu anayetokea Tokyo asubuhi na kulala Tokyo usiku. Historia ya mabwana walioijenga utaisoma mwenyewe kwenye treni, una masaa mawili na nusu ya kukaa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

- Pasipoti, au zairyu kadi (kadi ya ukaazi) kama unaishi Japani. Sheria inamtaka mgeni atembee nayo, na ukitaka kununua pasi za treni za watalii bila pasipoti husikilizwi.
- Pesa taslimu, yen 8,000 hadi 10,000, na humo ndani uwe na sarafu za yen 100 kama kumi. Makabati ya mizigo, basi, vibanda vya sokoni, vyote vinapenda sarafu.
- Suica au Pasmo, zile kadi za kutapu za treni, ya kukufikisha Tokyo stesheni. Haikufikishi Kanazawa, hilo ntalieleza chini maana ndo linaloua wengi.
- Mwamvuli. Wenyeji wa Kanazawa wana msemo wao kwamba heri usahau chakula chako cha mchana kuliko kusahau mwamvuli. Hawatanii. Jua linawaka saa tatu, saa nne mvua, saa tano jua tena.
- Viatu bapa vinavyovulika haraka, na soksi nzima. Njia za bustanini ni kokoto na ngazi za mawe, halafu kwenye nyumba ya chai unavua viatu. Soksi yenye tundu itakuaibisha mbele ya watu wapole sana.
- Mfuko mdogo wa takataka na kitaulo cha mkono. Mapipa ya taka Japani ni adimu, na vyoo vingi havina karatasi za kukaushia mikono.
- Pawabenki, ingawa kwenye treni kila siti ina soketi.

Bajeti ya mtu mmoja ni hivi: treni kwenda na kurudi kama yen 29,000 (ndiyo, najua), mabasi kama 500, bustani 320, chai 700 na kitu, chakula 2,000 hadi 3,500. Weka 34,000 ukae kwa amani. Kama upo Japani kama mtalii na una mpango wa kuendelea mpaka Kyoto au Osaka, kuna Hokuriku Arch Pass ya siku saba inayopita njia hii hii, ilikuwa yen 30,000 tangu 2024, piga hesabu kabla hujanunua tiketi moja moja. Kwa kwenda na kurudi tu Tokyo haikulipi.

Tahadhari ya saa. Ubao wa treni unasoma masaa 24, we kichwani unasoma Kiswahili. 17:50 ni saa kumi na mbili kasoro kumi jioni. Namjua mtu aliyeona "16" akaweka akilini saa sita, akachanganya mambo mpaka treni ikamuacha. Kwa hiyo andika muda wa treni zako kama ulivyo kwenye tiketi, usitafsiri kichwani ukiwa na usingizi.

## Hatua ya 1: Chagua siku

Kila mtu anataka sakura, mwanzoni mwa Aprili. Ni kweli inapendeza, na wakati wa kuchanua kwenyewe huwa wanafungua bustani bure na kuwasha taa usiku. Sasa bure na sakura na taa, jaza mwenyewe. Kama hupendi kusukumana, siku hizo ziache.

Mimi ukiniuliza, nenda katikati ya Novemba. Sababu ni mbili kwa mpigo: majani yanakuwa mekundu na ya manjano, na tayari wameshaanza kufunga yukitsuri, zile kamba zinazoteremka kutoka juu ya nguzo kama mwamvuli uliobaki mifupa, za kushikilia matawi ya misonobari yasivunjike na uzito wa theluji. Theluji ya Kanazawa ni nzito, ina maji mengi, tawi la karne moja linaweza kukatika usiku mmoja. Kazi inaanza tarehe 1 Novemba na kamba zinakaa mpaka katikati ya Machi. Ukitaka kamba na theluji juu yake, ni Januari na Februari, ila hapo theluji haina ahadi na siku fupi. Mei kuna maua ya zambarau kandokando ya vijito, kijani kila mahali, watu wa wastani.

Epuka wiki ya mwisho wa Aprili mpaka tarehe 5 Mei, katikati ya Agosti, na mwaka mpya. Wajapani wote wanasafiri, siti zinaisha.

Siku ya wiki nayo ina maana. Jumatano vibanda kadhaa vya soko la Omicho vinapumzika, na jumba la Seisonkaku linalopakana na bustani linafungwa. Jumatatu makumbusho ya sanaa ya karne ya 21 iliyo jirani imefungwa. Kwa hiyo Jumanne au Alhamisi.

## Hatua ya 2: Nunua tiketi ya treni, tena mapema

Unapanda Hokuriku Shinkansen, treni ya mwendo kasi. Kwenye reli hiyo hiyo kuna treni mbili zinazokuhusu. Kagayaki inasimama stesheni chache tu (Ueno, Omiya, Nagano, Toyama), inafika kwa masaa mawili na nusu hivi. Ya pili, inayoitwa Hakutaka, inasimama nyingi, inakaribia masaa matatu.

Sasa sikiliza. Kagayaki haina behewa la kukaa popote. Siti zote ni za kubuku. Watu wanafika asubuhi na mawazo ya "nitapanda tu", wanakuta Kagayaki tatu za kwanza zimejaa, wanaishia kwenye Hakutaka ya saa tatu, wanafika Kanazawa saa sita mchana. Huo ndo mwanzo wa ile simu ya saa tisa.

Fanya hivi:

1. Siti zinafunguliwa mwezi mmoja kabla, saa nne asubuhi ya Japani. Kwa msimu wa sakura na Novemba, ingia siku hiyo hiyo.
2. Nunua kwenye Eki-net, tovuti ya tiketi ya kampuni ya reli ya JR East, kwa simu, au nenda kwenye mashine za tiketi za siti stesheni, zina lugha ya Kiingereza. Kadi ya benki ya nyumbani ikigoma usigombane nayo, nenda kaunta na pesa taslimu.
3. Chukua Kagayaki ya kwanza, huwa inaondoka Tokyo kwenye saa kumi na mbili na robo asubuhi (ubaoni 6:16), au inayofuata. Angalia ratiba ya siku yako maana hubadilika kila Machi.
4. Nunua na ya kurudi hapo hapo, ya kama saa kumi na moja jioni (17:00 hivi). Usiseme utanunua ukifika.

Siti ni A, B, C upande mmoja na D, E upande mwingine. Mkiwa wawili chukueni D na E, hamtakuwa na mtu wa tatu wa kumuomba samahani kila mkienda chooni.

Ukinunua ya karatasi unapewa karatasi mbili, moja ya nauli na moja ya mwendo kasi na siti. Wakati mwingine zinakuja tatu na risiti. Zote zinafanana, zote muhimu, ziweke pamoja, usitupe yoyote ukidhani ni risiti.

Utajua umepatia: unaona namba ya treni, namba ya behewa, namba ya siti, kwa kwenda NA kwa kurudi. Kama sehemu ya siti haina namba, hujabuku.

## Hatua ya 3: Asubuhi, Tokyo stesheni

Fika dakika 30 kabla. Najua treni ni ya alfajiri na usingizi mtamu, lakini Tokyo stesheni ni mji mdogo, kutoka upande mmoja mpaka mwingine unaweza kutembea dakika kumi na ukapotea humo humo ndani.

Kosa namba moja la hapa: Tokyo kuna shinkansen za kampuni mbili tofauti, na mageti yake ni tofauti. Zinazoenda Kyoto na Osaka ziko platfomu 14 hadi 19. Yako iko platfomu 20 hadi 23. Fuata mabango ya kijani yaliyoandikwa Tohoku, Joetsu, Hokuriku. Mimi mara ya kwanza nilisimama kwenye geti la Kyoto nikiichomeka tiketi mara nne, kila ikitemwa naigeuza naichomeka tena, foleni nyuma yangu imekaa kimya vile Wajapani wanavyokaa kimya, mpaka mzee mmoja akanishika kiwiko akanionyesha kwa kidole kule mbali kabisa.

Kosa namba mbili ni Suica. Umeshatapu kuingia kwenye treni ya kawaida, ukadhani utatapu hivyo hivyo mpaka Kanazawa. Haiwezekani, isipokuwa uliiunganisha kwenye akaunti ya Eki-net wakati wa kununua. Kama tiketi zako ni karatasi na umefika kwa Suica, kwenye geti la kuhamia shinkansen ingiza karatasi zote mbili kwa pamoja, kisha ndo utapu Suica, chukua karatasi zinazotokea mbele. Usiziache mashineni, utazihitaji kutokea Kanazawa.

Kabla ya kupanda nunua onigiri (matonge ya wali) mbili na maji. Kula kwenye shinkansen ni ruksa kabisa, na ukila hapo unaweza kusogeza chakula cha mchana mpaka foleni za sokoni zipungue. Kama huli nguruwe, onigiri ya samaki aina ya samoni (鮭) au ya ume (梅, tunda kama plamu) ndizo nyepesi kuzitambua, ila viungo vyake visome au viulizie.

## Hatua ya 4: Kutoka Kanazawa stesheni mpaka bustanini

Unafika saa tatu kasoro hivi. Tokea mlango wa mashariki, umeandikwa kabisa Kenrokuen-guchi. Utakutana na paa kubwa la vioo na geti la mbao linaloitwa Tsuzumi-mon, urefu wake mita 13.7, nguzo zimesokotwa kama kamba za ngoma ya mkono. Piga picha moja, endelea. Jioni utarudi hapa na utakuwa na muda zaidi.

Mzigo mkubwa weka kwenye makabati ya sarafu ndani ya stesheni. Saa tatu asubuhi yapo wazi, saa tano yamejaa.

Kwenda bustanini una njia tatu.

Basi. Vituo viko hapo nje ya mlango wa mashariki. Shuka kituo cha Kenrokuen-shita / Kanazawa-jo. Nauli ya katikati ya mji ni yen 200 na kidogo. Unapanda mlango wa nyuma, unashukia mbele na unalipa wakati wa kushuka, wengi wetu tumezoea kulipa ndani ya gari kwa konda kwa hiyo wanabaki wamesimama mlango wa mbele wakati wa kupanda, dereva anawaonyesha nyuma. Andaa sarafu kamili, mashine ya kuchenji ipo pembeni ya dereva lakini haichenji noti kubwa.

Miguu. Kama kilomita mbili na nusu, dakika 35 hivi. Unapita Omicho wakiwa wanapanga samaki. Hali ya hewa ikiwa nzuri mimi natembea.

Teksi. Mkiwa watatu au wanne mnagawana, hamuoni maumivu.

Tahadhari: usikubali kushawishika na soko sasa hivi. Samaki watakuwepo saa saba. Utulivu wa bustani hautakuwepo.

## Hatua ya 5: Ndani ya bustani, na hapa ndo penyewe

Saa za kufungua: kuanzia Machi mpaka tarehe 15 Oktoba ni saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, miezi mingine ni saa mbili hadi saa kumi na moja. Watoto wa miaka 6 hadi 17 ni yen 100, na ukiwa na miaka 65 na kuendelea unaingia bure ukionyesha kitambulisho, mama mzazi akija kutembea kumbuka hilo.

Geti lililo karibu zaidi na kituo cha basi ni Katsurazaka, na ndo wanakomwagika watu wote. Ukiingilia hapo ndani ya dakika tano upo kwenye taa maarufu, umebanwa, na baada ya hapo kila kitu kinaonekana kidogo. Ni sawa na kumaliza nyama kabla ya ugali.

Kwa hiyo zunguka uingilie geti la Renchimon, lipo upande wa magharibi, fuata barabara inayopita kati ya bustani na kasri la Kanazawa kama dakika chache. Unaanzia chini kwenye kivuli, unapanda kwenda kwenye mwanga.

Kabla hujaanza, chukua hili kichwani. Jina Kenroku maana yake ni kuunganisha sita, yaani sifa sita za bustani zinazokwenda mbilimbili kwa kupingana: uwazi na faragha, kazi ya mikono na hali ya ukale, maji yanayotiririka na mandhari ya mbali. Ugumu wake ni kwamba ukitaka uwazi unakosa faragha, ukitengeneza sana unapoteza ukale, na maji yanapenda kukaa bondeni wakati mandhari iko juu kilimani. Bustani hii inajidai imeziweka zote. Basi kazi yako ni kuikagua kama inasema kweli. Ukitembea na swali hilo hutauliza tena "mbona ya kawaida".

Kwanza, bwawa la Hisago. Hapa kuna giza, miti imefunika, na pembeni maporomoko ya Midori-taki yenye urefu wa mita 6.6. Simama usikie. Sauti ya maji unaipata kabla hujayaona, ndivyo walivyopanga. Karibu hapo kuna Yugao-tei, nyumba ndogo ya chai ya 1774, jengo la zamani kuliko yote bustanini. Hii ndo faragha. Saa tatu na nusu asubuhi unaweza kuwa peke yako hapa.

Pili, fauntani. Inaonekana si kitu, mrija wa maji unaoruka kama mita tatu na nusu. Lakini hakuna pampu. Maji yanatoka bwawa la Kasumi lililo juu, yanashuka kwa uzito wake, yanaruka hapa chini, na urefu wa kuruka unabadilika bwawa la juu likipungua au kujaa. Inasemekana ni ya zamani kuliko zote Japani. Maji yote ya bustani yanaletwa na mfereji wa Tatsumi uliochimbwa 1632 kutoka mto Sai, umbali wa kama kilomita 11, kwa kuteremka tu. Fundi bomba yeyote atakaa hapa nusu saa.

Tatu, panda mpaka bwawa la Kasumi. Ghafla kunafunguka. Huo mshtuko mdogo wa kutoka kivulini kuja kwenye anga pana ndo sababu ya kukuzungusha Renchimon. Hapa kuna Kotoji-toro, taa ya mawe yenye miguu miwili, mmoja majini na mwingine umekaa juu ya jiwe, mfupi. Kimo chake mita 2.67 hivi. Watu wanapanga foleni isiyo rasmi kwenye daraja dogo la jiwe mbele yake, ngoja zamu, piga picha mbili, ondoka. Halafu geuka kushoto na kulia, kwa sababu jirani yake kuna mti ambao mimi nauthamini kuliko taa: msonobari wa Karasaki, ulioteshwa kwa mbegu kutoka kando ya ziwa Biwa, matawi yake yanakaribia kulala juu ya maji. Kwenye yukitsuri huu peke yake unachukua nguzo tano na kamba kama 800.

Nne, sogea ukingoni kwenye mwanya wa kuangalia nje. Siku ikiwa safi unaona mapaa, milima, na mbali kabisa bahari. Maji yapo nyuma yako, mandhari mbele yako, na upo juu. Hapo ile jozi ya tatu umeikagua.

Tano, daraja la Ganko na mti wa Neagari. Daraja ni mawe 11 yaliyopangwa kama bata bukini wanaoruka kwa mstari. Halipitwi siku hizi, linaangaliwa. Neagari ni msonobari uliosimama juu ya mizizi yake, mizizi zaidi ya 40 imetoka nje ya udongo kama mita mbili. Waliupanda juu ya kichuguu kirefu kisha wakawa wanaondoa udongo taratibu mti ukikua. Kazi ya mikono na ukale, vyote kwenye mti mmoja.

Karibu hapo kuna sanamu ya shaba ya shujaa Yamato Takeru, ya 1880. Angalia kichwa chake: hakina kinyesi cha ndege. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Kanazawa, Yukio Hirose, alijiuliza kwa nini njiwa hawaitaki, akachunguza madini yake, na mwaka 2003 wakampa zawadi ya Ig Nobel ya kemia, ile ya utafiti unaochekesha kwanza halafu unakufanya ufikiri. Nimesimama pale mara kadhaa nikisubiri njiwa mkaidi, sijamuona bado.

Mwisho, zungukia kilima cha Yamazaki (Novemba usikiruke), halafu upande wa miti ya ume, ipo kama 200, inachanua Februari na Machi wakati sakura bado zimelala. Shuka taratibu kuelekea Shigure-tei.

Mambo ya kuwa nayo makini humu ndani. Ile mimea laini ya kijani kama zulia juu ya ardhi, wao wanaita koke, usiikanyage hata kwa ncha ya kiatu. Inachukua miaka kutanda, na utawaona wafanyakazi wamechuchumaa wakiing'olea magugu kwa mkono, moja moja. Na kwenye bustani za Kijapani kwa ujumla, ukikuta njiani jiwe dogo limefungwa kamba nyeusi kama kifurushi, hilo ni geti. Maana yake usipite. Watu wanaliruka, wengine wanaliokota wakidhani ni zawadi.

Utajua umepatia: saa yako inasoma kama saa tano na nusu, miguu inauma kidogo, na unaweza kumwambia mtu ni wapi maji yanasikika kabla ya kuonekana.

## Hatua ya 6: Chai, usiiruke

Shigure-tei ipo humo humo bustanini. Unalipa yen 700 na kitu unapewa bakuli la matcha (chai ya kijani ya unga) na kitamutamu kimoja. Nenda kabla ya saa sita, mchana panajaa.

Unavua viatu, unakaa kwenye mkeka wa tatami. Ule mkao wa magoti wanaouita seiza, ni kama kukaa tahiyatu, kwa hiyo Waislamu wenzangu hapa mna ubingwa wa kuzaliwa. Wengine ukishindwa kaa upande, hakuna atakayekufukuza.

Kula kitamutamu kwanza, chote. Sababu ni kwamba matcha ni chungu na haina sukari kabisa, ule utamu uliobaki mdomoni ndo sukari yake. Wanaokunywa kwanza wanakunja sura halafu wanaomba sukari, na sukari haipo. Kisha bakuli inua kwa mkono wa kulia, likalishe kiganja cha kushoto, lizungushe kidogo mara mbili kufuata saa ili upande wake mzuri usiuweke mdomo, kunywa kwa mikupuo mitatu minne. Mkupuo wa mwisho vuta kwa sauti. Ndiyo, kwa sauti, ni adabu. Bibi yangu angenipiga kofi.

Kitamutamu kawaida ni maharage matamu, unga wa mchele na sukari, na kikitaka kugandishwa hutumia mwani, kwa hiyo kwa wengi wetu hakina tatizo.

## Hatua ya 7: Chakula na masaa yaliyobaki

Tokea geti lolote, tembea kama dakika 20 mpaka Omicho. Ukifika saa saba na nusu foleni zimeanza kulegea. Watu wanakula kaisendon, bakuli la wali na samaki wabichi juu. Wali huo una siki na mara nyingine mirini, ambayo ina kilevi. Kama hilo linakugusa, omba samaki wa kuchoma kwa chumvi, shioyaki, na wali mweupe, nchi hii samaki wa chumvi wanamjua. Novemba mpaka mwisho wa Desemba utaona kaa jike wadogo, bei yao ikague kabla hujanyoosha kidole.

Aisikrimu yenye karatasi ya dhahabu utaiona kila kona, maana karibu dhahabu yote ya kubandika ya Japani inatengenezwa Kanazawa. Kama yen elfu moja. Dhahabu haina ladha yoyote, inanata kwenye lipsi, basi. Nimekula mara mbili lakini.

Muda ukibaki chagua kimoja: mtaa wa nyumba za mbao wa Higashi Chaya, au makumbusho ya karne ya 21, au kasri lililo mkabala na bustani. Ukijaribu vyote vitatu utakuwa unakimbia, na Desemba saa kumi na moja kasoro jua limeshazama.

## Hatua ya 8: Kurudi

Uwe stesheni dakika 40 kabla. Mabasi ya jioni yanachelewa, barabara za Kanazawa ni nyembamba na kila mtu anarudi saa hiyo. Ukiona basi halisogei, shuka utembee.

Kagayaki ya mwisho huwa kwenye saa tatu usiku. Usiipange kuwa ndo treni yako. Iache iwe akiba ya siku mambo yakiharibika, kwa sababu ukiikosa hiyo umelala Kanazawa.

Ukilazimika kulala, basi amka mapema: milango ya Renchimon na Zuishinzaka hufunguliwa bure kabla ya saa rasmi, kuanzia saa kumi alfajiri Aprili hadi Agosti, na saa kumi na mbili wakati wa baridi, mradi utoke robo saa kabla ya muda wa kulipia.

Ukifika Tokyo usikimbilie kutoka nje. Kama ulinunua karatasi na ile ya nauli imeandikwa 東京都区内, nauli hiyo inakubeba mpaka stesheni yoyote ya JR ndani ya wadi 23 za Tokyo. Ingiza karatasi zote kwenye geti la kuhamia treni za kawaida, mashine inabaki na ya siti na kukurudishia ya nauli. Ichukue, uende nayo mpaka stesheni ya kwako. Wenye tiketi ya Eki-net iliyounganishwa na Suica hili haliwahusu, nyie tapuni mlipe.